Nyumba ya Muhali

Aliyesema usipoziba ufa utajenga ukuta, bila shaka alikuwa akikaa nyumba yake mwenyewe. Mpangaji hana ukuta wa kujenga. Mpangaji akiuona ufa humpigia simu mwenye nyumba, mwenye nyumba husema "Inshallah," na ufa hukaa pale pale ukiisubiri hiyo inshallah. Wetu ulisubiri miezi kumi na moja, tena kwa kuanzia haukuwa ufa. Lilikuwa tone.

Tone lilichagua chumba cha Bibi. Wiki ya kwanza tu tumehamia Ibra, Bibi alitoka asubuhi kakumbatia mto uliolowa, akauweka mezani mbele ya mume wangu mithili ya shahidi anayetoa kielelezo.

"Mwanangu," akasema, "ama nyumba hii inalia usiku, ama mimi nimerudi utotoni. Chagua."

Tukachagua nyumba.

Lakini kosa letu halikuanza na maji. Lilianza na pilau. Mume wangu ni mwalimu, na mwaka ule alihamishiwa Ibra, nasi sote mizizi yetu ilikuwa Maskati. Wiki mbili kabla ya safari tulialikwa harusi, na harusi za watu waliotoka Unguja hapa Oman husikii Kiarabu mpaka afike shekhe wa kuozesha. Huko upande wa wanaume, mzee mmoja alimsikia mume wangu akiomba pilipili kwa Kiswahili, akamuuliza swali ambalo kwetu sisi ndilo pasipoti: "Wewe mtoto wa nani?"

Kabla sahani haijaisha, ikabainika kwamba mama wa mzee yule na Bibi yetu walikaa mtaa mmoja, Kikwajuni, Ng'ambo ya mji wa Unguja, na kwamba Bibi alimbeba mgongoni akiwa mchanga. Mapinduzi ya 1964 yakawatawanya, yeye akaishia Sur, mji wa waunda majahazi, sisi Maskati. Na ana nyumba Ibra, tupu, inamsubiri mtu mwenye imani.

"Nyumba yangu ni yenu," akasema. Kuanzia pale akawa Ami, na kodi ikawa riali 150 kwa mwezi.

Siku ya kuchukua funguo mimi niliuliza, kwa sauti ya chini kabisa, habari za mkataba. Ami akatabasamu. "Mkataba? Baina yetu sisi, karatasi ya nini?" Mume wangu akanitazama kama niliyeuliza bei ya sanda matangani. Nikanyamaza.

Huko ndiko kuoneana muhali. Msomaji wa pwani sina haja ya kumfundisha, lakini kwa wajukuu zangu watakaosoma haya niseme: muhali si woga, wala si heshima tupu. Ni hivyo viwili vilivyopikwa chungu kimoja mpaka huwezi kuvitenga. Mtu akikuonea muhali hawezi kukunyima, hawezi kukudai, wala hawezi kukwambia ukweli. Undugu mwingi umejengwa juu ya muhali. Paa la nyumba, kama tulivyokuja kuona, halisimami juu yake.

Agosti ya Ibra haina masihara. Nyuzi za joto hupita 40 kama gari linavyopita kituo. Tangi la maji liko juu ya paa, jua linalipika mchana kutwa, kwa hiyo mfereji wa maji baridi unatoa maji ya kutengenezea chai. Wenyeji wana ujanja wao: kiangazi huzima hita ya bafuni, maji yakatulia humo ndani kivulini, na mfereji wa maji ya moto ndio ukawa wa baridi. Bibi alihitaji siku tatu kuukubali ujanja huu. "Nchi hii," alisema, "hata mifereji inasema kinyume."

Tulimpata fundi wenyewe, kijana wa Bangladesh mwenye baiskeli, ngazi na maneno machache ya kila lugha. Alifika saa sita na nusu mchana juu ya alama, na hapo nikakumbuka kuwa Juni, Julai na Agosti, kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu, sheria ya kazi hapa Oman inakataza mtu kufanyishwa kazi juani. Paa likasubiri. Fundi akaketishwa kwenye majlisi, Bibi akampa wali na samaki wa kupaka, na samaki wa Bibi ana dawa ya usingizi. Alipoamka alasiri alipanda juu, akashuka na fumba la majani na manyoya.

"Ndege," akasema. Bomba la kutolea maji ya kiyoyozi lilikuwa limezibwa na kiota.

Tukampa riali tano, tukafurahi. Siku mbili baadaye tone likarudi. Fundi naye akarudi, akakaa juu ya paa saa nzima, safari hii akashuka na sura ya daktari. Kitako cha tangi kimepasuka, maji yanachuruzika mchana na usiku, na zege la paa limefanya nyufa. Bei: riali 90. Nikafungua pochi, akaizuia kwa kiganja.

"Kiota, ndogo, wewe," akasema. "Paa, kubwa, baba nyumba."

Nakumbusha kwamba yule kijana hakusomea sheria. Lakini sijawahi kuisikia imefupishwa vizuri kuliko vile.

Basi "baba nyumba" apigiwe simu. Mume wangu alikaa barazani, mimi nikakaa karibu na saa. Mazungumzo yalichukua dakika kumi na nne. Waliulizana hali, wakaulizana hali za watoto, akaulizwa Bibi, akaulizwa marehemu babu kama kwamba naye anaweza kujibu, wakaombeana dua. Paa halikupata hata sekunde moja.

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambieje? Kaniuliza kama nyumba imetupendeza."

"Ukasema?"

"Alhamdulillah."

Simu ya pili niliisimamia mwenyewe, nimeshika kipande cha karatasi nilichoandika PAA kwa herufi za kuonekana Sur. Ami akapokea habari kwa uchungu mkubwa, akaahidi kuja Jumatano, siku ya soko la wanawake la Ibra, ili mkewe anunue vitu vyake huku yeye akikagua paa. Jumatano ikaja, soko likajaa, manukato na vitambaa vikauzwa, Ami hakuonekana. Jumatano za mwaka ni nyingi. Tulizisubiri zote kwa zamu.

Wakati huo tone lilikuwa mtu wa nyumbani. Bibi alihamishwa kitanda, halafu tukahamisha kabati, halafu tone likahama nalo. Mwezi wa pili ikanyesha mvua ya huku kwetu Sharqiyah, ile isiyokuja miezi mingi na ikija haina adabu. Mabonde yakashuka maji, shule zikafungwa, na paa letu likaacha kutonesha likaanza kumimina. Tulitandaza ndoo, tukatandaza beseni, tukatandaza masufuria, mwisho tukatoa sinia ya halwa. Kila chombo kikapata sauti yake. Mwanangu mdogo akasema ni taarabu. Bibi akamwambia taarabu ina mwimbaji, hii ni vyombo tu, mwimbaji yuko Sur hapokei simu.

Mwezi wa saba ujumbe ukaingia kwenye simu ya mume wangu. Salamu mistari sita, dua mistari miwili, na kule mwisho, kama mtu anayetoka ukumbini kwa kunyata: kuanzia mwezi ujao kodi ni riali 190, maana wanangu mambo yamepanda.

"Tutoe tu," mume wangu akasema. "Mzee yule."

Mimi nikachukua ufunguo wa gari. Dada yangu ameolewa Nizwa, na shemeji yangu amepanga duka huko miaka mingi. Amegombana, amesuluhishwa, amepata mvi. Kama kuna mtu wa kumuuliza ni yeye. Bibi akasema haachwi, akaingia kiti cha mbele.

Tulifika Ijumaa asubuhi, na Ijumaa asubuhi Nizwa humpati mtu nyumbani. Shemeji alikuwa kwenye mnada wa mbuzi karibu na ngome, ambapo wauzaji huzungusha wanyama kwenye duara na wanunuzi wamekaa pembeni na katikati wakipaza bei. Nikamweleza kisa chote akiwa kashika taya la mbuzi.

"Huyu," akasema, akimfungua mdomo, "riali mia na kitu, na nimemhesabu meno kabla sijatoa hata baisa. Nyinyi nyumba mliihesabu nini?"

Sikuwa na jibu. Mbuzi naye alinyamaza, kwa adabu.

Nyumbani kwake, juu ya kahawa, alitupa darasa. Uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji Oman una sheria yake, Amri ya Kifalme namba 6 ya mwaka 1989, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2008. Kodi haipandishwi kila mwenye nyumba anapoota ndoto. Lazima ipite miaka mitatu tangu mkataba au tangu nyongeza ya mwisho. Anayetaka mkataba usiendelee humwarifu mwenzake kwa maandishi miezi mitatu kabla haujaisha. Na kuhusu matengenezo, Sheria ya Miamala ya Kiraia ya mwaka 2013 inamtaka mwenye nyumba atengeneze kasoro zinazomzuia mpangaji kunufaika na alichokodi. Akiarifiwa na akachelewa, mpangaji anaweza kuuvunja mkataba, au kuomba ruhusa ya mahakama atengeneze mwenyewe kisha adai gharama. Vidogo vidogo vya matumizi ya kila siku ni juu ya mpangaji.

"Kiota, ndogo, wewe," nikasema.

"Nini?"

"Hapana. Endelea, shemeji."

"Nimemaliza. Isipokuwa jambo moja." Akaweka kikombe chini. "Haya yote si yenu. Mkataba usiosajiliwa baladia, yaani manispaa, serikali haiutambui. Nyinyi hamna hata huo usiosajiliwa. Mna pilau."

Hapo ndipo nilipouona muhali wetu kwa umbo lake. Tulidhani tumemstahi Ami kwa kutodai karatasi. Kumbe tulijifungia mlango kwa ndani, ufunguo tukampa yeye, naye kasahau kama anao.

Nikamuuliza kama twende mahakamani. Akacheka. Katika wilaya, akasema, kuna kamati za suluhu na maridhiano zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 2005. Unapeleka dai lako bila ada, unaitwa wewe na mwenzako, mnakalishwa, na mkikubaliana makubaliano yanaandikwa na yana nguvu ya hukumu. Yeye na mwenye duka lake walipita huko na leo wanaalikana idi. "Lakini hata kamati ni hatua ya pili. Ya kwanza ni barua. Weka tarehe, weka picha za paa, weka risiti ya fundi. Mpe kwa mkono, usimtumie kama yeye alivyokutumieni. Halafu mwombe jambo moja tu: mkataba, usajiliwe. Mengine yatakuja yenyewe. Mali bila daftari, mama, huisha bila habari."

Njiani kurudi Ibra Bibi alikuwa kimya mpaka nikadhani amelala. Kumbe alikuwa Kikwajuni.

"Baba yangu," akaanza, "alikuwa na kiwanja Ng'ambo. Watu wamejenga vibanda vyao juu yake. Nyumba zao, ardhi yetu. Zamani zao walikuwa hawatoi kitu, wanakuja kutusalimia tu, wakivuna wanaleta muhogo. Halafu wenye ardhi wakaonja pesa. Wakatoza, wakapandisha, wakapandisha tena. Mwaka 1928, mimi sijazaliwa, watu wa Ng'ambo wakasema basi. Wakagoma. Mji mzima wa Ng'ambo hautoi kodi ya ardhi. Baba akitembea kukusanya anaamkiwa vizuri, anakaribishwa, anapewa maji ya kunywa. Hapewi hata pesa moja. Mpaka serikali ikatunga sheria ya kuizuia kodi ile."

"Babu alikasirika?"

"Alikasirika mpaka anakufa. Alikuwa akisema, 'Watu niliowasalimia miaka yote!'" Akatazama milima ikipita. "Na mimi leo nimekaa chini ya paa la mtu, natonewa. Mungu ana hesabu zake."

Barua niliiandika mimi, mume wangu akaisahihisha Kiarabu chake, na Bibi akatoa amri kwamba hakuna atakayeipeleka ila yeye. Tulifika Sur mchana, hewa ya bahari inanata mwilini kama sharubati iliyomwagika. Mbele ya nyumba ya Ami unauona mnara wa taa wa Ayjah ng'ambo ya hori. Tulikirimiwa nguru, tukakirimiwa halwa, tukapewa kahawa mpaka tukatikisa vikombe. Mume wangu alikuwa anahesabu mapambo ya zulia.

Bibi akatoa bahasha kifuani.

"Mwanangu," akamwambia Ami, na mzee wa karibu miaka sabini akakaa wima kama mtoto wa chuo. "Mimi nimekubeba mgongoni na umenikojolea. Sikukudai. Lakini nyumba yako nayo sasa imefuata tabia hiyo, na mimi sina tena umri wa kulowa. Soma."

Ami akavaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza, akatazama picha moja moja, akarudia ile ya sinia ya halwa. Nilitarajia ghadhabu, au inshallah. Alichofanya ni kuvua miwani na kuifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Nilimwita mkandarasi mwezi wa tisa," akasema. "Aliniambia riali 300. Sina. Kodi ile haikai kwangu, inakwenda kwa dada yangu mjane. Nikaona nikuambieni nini? Nyinyi mnaniita Ami, niseme Ami hana? Kila nikishika simu nakuoneeni muhali. Ile nyongeza, nilitaka niikusanye nitengeneze paa."

Chumba kizima kikanyamaza. Mwaka mzima sisi tulikuwa tunamwonea muhali yeye, yeye anatuonea muhali sisi, na katikati ya mihali miwili Bibi kalala na ndoo.

Mume wangu, Mungu ambariki, ndiye aliyeinua kichwa kwanza. "Ami, fundi wetu anasema 90."

"Tisini?"

"Na samaki wa kupaka," Bibi akasema.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Tulikubaliana kodi ibaki riali 150 na isiguswe miaka mitatu. Sisi tutangulize riali 90 za paa, naye atukate riali 15 kila mwezi kwa miezi sita. Matengenezo makubwa ya kwake, madogo ya kwetu, na jambo lolote la nyumba litasemwa kwa maandishi, salamu zibaki kwenye simu. Ami alitaka tuandike pale pale kwenye karatasi ya daftari la mjukuu. Nikasema hapana, Ami, baladia. Wiki iliyofuata alikuja Ibra mwenyewe, tukaingia pamoja ofisi ya huduma ya Sanad, mkataba ukajazwa na kupelekwa kusajiliwa, ada akalipa yeye kama inavyompasa mwenye nyumba. Ilikuwa Jumatano. Mkewe alikwenda sokoni.

Fundi alifanya kazi siku nne, alfajiri mpaka jua linapokuwa kali, na mchana analala majlisini kwa kanuni. Tone limekwisha. Ndoo imerudi uani.

Ningependa kumalizia hapo, lakini nyumba hazimaliziki. Mwezi uliopita wanangu walining'inia kwenye mfereji wa jikoni wakishindana kunywa maji, ukang'oka. Mume wangu, ambaye sasa amekuwa mtu wa maandishi, alipiga picha akamtumia Ami pamoja na tarehe. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa. Hakukuwa na salamu mistari sita, wala dua. Kulikuwa na picha ya ukurasa wa pili wa mkataba wetu, mstari mmoja umezungushiwa wino mwekundu: matengenezo madogo ni juu ya mpangaji.

Tulinunua mfereji, riali nne na nusu, tukamwita kijana wa baiskeli. Bibi aliomba aone ile picha. Akaisogeza karibu, akaiweka mbali, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Baba angejua," akasema, "angenunua wino mwekundu."